Nguruwe Aliyefichwa kwa Beryl

Asubuhi hiyo ya Julai, baridi ya Kinoo ilikuwa ya kuuma masikio. Ndanu aliamka na mafua. Mumewe, Muasya, alikuwa ameyatoa kazini huko Upper Hill, na sasa nyumba nzima ilikuwa ikikohoa.

"Lala wewe," Muasya alimwambia. "Unapiga chafya hadi mabati yanatikisika."

"Na nguruwe watalishwa na nani? Na wewe?"

Muasya alivuta blanketi, akacheka, akakohoa.

Ndanu alijifunga leso, akaenda zizini. Alipangusa pua kwa mkono. Kisha kwa mkono uo huo akakoroga chakula cha nguruwe. Akapiga chafya juu ya hori. Hakuona ubaya wowote. Mafua ni mafua tu.

Baada ya siku chache alipona. Lakini nguruwe wake mkubwa, yule dume, alianza kukohoa. Alitokwa na makamasi, akakataa kula. Ndanu akaingiwa na hofu. Alikuwa ameahidi mbele ya kanisa zima kumtoa dume huyo auzwe kwenye mnada wa sikukuu ya mavuno. Watu walikuwa wamempigia makofi. Na yeye ndiye kiongozi wa akina mama.

Wiki hiyo hiyo habari zikaenea kwamba watafiti watapita kwenye mazizi, wakipima mafua ya wanyama.

"Wakimkuta huyu, nitawaangalia watu kwa macho gani?" Ndanu alijiuliza.

Akamfunga dume kamba, akampeleka kwa jirani yake, Beryl, ambaye pia hufuga nguruwe.

"Beryl, zizi langu linavuja. Niwekee huyu kidogo."

"Mwingize tu, Mama Kaindi. Lakini mbona anakohoa?"

"Ni vumbi la pumba," Ndanu alisema.

Kesho yake akaja mmoja wa watafiti hao, Daktari Riddhi, daktari wa mifugo, amevaa barakoa na gambuti. Alichukua kijiti chenye pamba, akakipitisha puani mwa kila nguruwe.

"Ni hawa tu, mama?"

"Ni hawa tu, daktari." Ndanu alisema hayo akitazama chini.

Dume alipona, Ndanu akamrudisha kwake. Alimshukuru Mungu, akadhani yamekwisha.

Alhamisi iliyofuata, akina mama wa kanisa walikutana nyumbani kwa Beryl kuomba. Beryl alisimama.

"Wenzangu, niombeeni. Nguruwe wangu wote wanakohoa. Amebaki mmoja tu, yule mwenye mimba. Nafikiri ni hii baridi. Jioni nitamtia pamoja na wenzake, wapeane joto. Mama Kaindi, tuongoze kwa maombi."

Wanawake wakainamisha vichwa. Ndanu akafumba macho.

"Baba yetu..." Akanyamaza. "Baba..." Angemwombaje Mungu auondoe ugonjwa ambao yeye mwenyewe ameuleta kwa kamba?

"Amina?" mmoja aliuliza, na wenzake wakacheka kidogo.

Ndanu alifumbua macho. "Beryl, usimtie."

"Nisimtie nani?"

"Yule mwenye mimba. Usimtie na wale wengine. Mimi ndiye niliyewaletea ugonjwa. Dume wangu alikuwa mgonjwa. Nilimficha kwako ili daktari asimwone."

"Yesu wangu!" mtu akasema.

Beryl alimtazama. "Na lile vumbi la pumba?"

"Ulikuwa uongo."

"Na mimi nikamtandikia nyasi kavu! Nikimwonea huruma! Mama Kaindi, ungeniambia tu ukweli, mimi ningesema nini?"

Ndanu alitamani ardhi ipasuke immeze. Uso ulimwaka moto.

"Mpigie huyo daktari," Beryl alisema. "Sasa hivi. Na umwambie kwa mdomo wako mwenyewe."

Ndanu alipiga simu mbele ya wote.

Riddhi alikuja, akapima. Majibu yalipotoka, alirudi kuzungumza nao.

"Ni mafua. Na virusi hivi ni vile vya watu. Nani alikuwa mgonjwa hapa?"

"Mimi," Ndanu alisema kwa sauti ndogo. "Niliwalisha nikiwa na mafua."

"Kumbe mtu anaweza kumwambukiza nguruwe?" Beryl alishangaa. "Si watu husema nguruwe ndio wanaotuambukiza sisi?"

"Njia inapitika pande zote mbili. Tena nguruwe hushika mafua ya ndege pia." Riddhi akamgeukia Ndanu. "Mama, kuku wako wanalala wapi?"

"Juu ya zizi."

"Wahamishe. Virusi vya watu na vya ndege vikikutana ndani ya nguruwe mmoja, vinaweza kuchanganyika. Hapo kinaweza kutokea kirusi kipya, ambacho miili yetu haikijui. Haitokei kila siku, lakini tunataka kukiona mapema. Ukituficha mgonjwa, umetufunga macho."

"Nilifikiri mnatafuta mtu wa kulaumu."

"Tunatafuta kirusi, mama."

Beryl aliuliza kama awape nguruwe zile dawa za kifua alizobakiza kabatini. Riddhi alikataa. Alimwambia awape maji safi na mahali pakavu pasipo na upepo, kwani wengi hupona. Asiuze mgonjwa, asimchinje, wala asimhamishie kwa mtu.

Ndanu na Muasya walijenga banda la kuku mbali na zizi. Waliweka maji na sabuni mlangoni, na gambuti za kuingilia zizini tu. Nguruwe wa Beryl walipona, na yule mwenye mimba akazaa salama. Siku ya mavuno dume wa Ndanu aliuzwa, kwa ruhusa ya daktari. Watu walipiga makofi tena. Ndanu hakuinua uso.

Kwa muda mrefu Beryl alimsalimia kwa mkato. Kisha asubuhi moja Ndanu aliamka pua ikimtiririka. Alivaa barakoa, akasimama mbali kidogo na ukuta wa kwa Beryl.

"Beryl! Nina mafua. Siwezi kuingia zizini."

"Kwa hivyo?"

"Naomba unilishie."

Beryl akaweka ndoo yake chini. "Gambuti zako ziache mlangoni, nizivae. Zangu haziingii kwako. Na wewe urudi ndani!"

Ndanu alirudi ndani, akasimama dirishani. Zizini nguruwe walikuwa wakila kwa kelele. Aliyekohoa asubuhi hiyo alikuwa yeye peke yake.