Madigadi ya Kushoto

Mikono miwili iliishika taa moja. Mmoja ulikuwa laini, wa mwalimu. Mwingine ulikuwa na makovu na grisi kwenye kucha, na huo ndio uliokuwa wa mwanamke. Jumapili soko la vipuri vikuukuu la Surabaya hufurika, na hakuna aliyewatazama.

"Niachie, Mas," alisema mwanamke, akimwita kaka kwa Kijava. "Hata hujui hii ni ya gari gani."

"Ya Fiat, ya mwaka hamsini na saba. Ninayo ghalani."

"Inatembea?"

"Kuku wanataga ndani."

Wening alicheka, akaiachia taa. Alivaa ovaroli ya buluu iliyopauka na kitambaa chekundu kichwani, midomo kaipaka rangi utadhani anakwenda harusini. Prasojo, mwalimu wa jiografia, akasahau alichofuata sokoni.

Gari lilikuwa limelala miaka thelathini na moja katika ghala la tumbaku la babu yake. Kwa miezi saba walilifufua kidogo kidogo katika karakana ya kina Wening, leo breki, mwezi ujao kabureta. Kila Jumamosi Prasojo alileta tempe, soya iliyochachushwa na kukaangwa, na kila jioni alimpigia Wening simu, akimwita Dik, yaani mdogo wangu.

"Umekula, Dik?"

"Nimekula kutu. Unaniulizia mimi au gari?"

"Gari halipokei simu, mpenzi."

Ikafika zamu ya bodi. Ukoo wa Wening ulitoka Blitar, na mafundi wa huko hunyoosha bati mlango ukiwa umefungwa. Siri ya nyundo ni ya ukoo, mgeni hatazami. Siku ya pili Prasojo alikumbuka jambo, akagonga mlango. Pak Sukirno, babake Wening, akamjibu kwa ndani kwamba nyundo ikishaanza haikatizwi.

Siku ya nne mlango ulifunguliwa. Gari lilinyooka kama lililotoka kiwandani jana, na Wening alisimama kando yake, kidevu juu. Prasojo alipitisha kiganja kwenye madigadi ya kushoto.

"Palipobonyea pako wapi?"

"Nimepaondoa. Kwetu hatuachi hata kovu la punje ya mchele."

"Mama aligonga nguzo ya geti akijifunza kuendesha. Alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka uliofuata akafa, babu akalifungia gari. Hapo ndipo nilipokuwa nikimgusa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niligonga. Mnajifungia kama wezi, halafu mnajivuna."

Uso wa Wening ulibadilika. Alimwekea ufunguo juu ya boneti, akaingia ndani. Prasojo aliondoka kwa miguu, hata ufunguo hakuuchukua. Siku tisa hakuna aliyempigia mwenzake. Kiburi walikuwa nacho cha kugawia mtaa mzima.

Siku ya kumi simu ya Prasojo ililia.

"Njoo."

"Kuchukua gari?"

"Njoo tu. Vaa shati usilolipenda."

Wening alimshika mkono, akamwingiza, akafunga mlango. Prasojo alitegemea ubani na majini. Aliona jeki, nyundo za mbao, na madigadi imelazwa kifudifudi juu ya gunia.

"Pitisha kidole hapa ndani."

Chini ya bati kulikuwa na mstari, mwembamba, uliopinda.

"Juu nimenyoosha, chini sikukwangua. Bati likishakunjwa halisahau, hata kwa Baba. Mama yako yupo."

Prasojo alilia bila kuficha uso.

"Nisamehe, Dik. Kwa lile neno."

"Liliniuma. Na mimi ilinipasa kukuuliza kabla ya kuinua nyundo. Sikuuliza kwa kuwa sijazoea kukosea."

Mlango ukatikiswa.

"Wening! Nani yumo humo?" Ilikuwa sauti ya Pak Sukirno. "Unajua mgeni haingii."

Wening alimtazama Prasojo, macho yakimuuliza. Prasojo akaitikia kwa kichwa, mara mbili, asije akaeleweka vibaya.

"Si mgeni, Baba," alisema Wening, na fahari ikaijaza sauti yake nzima. "Ni mkweo."

Nje mzee akakohoa.

"Kama ni mkwe, mbona sisikii nyundo?"