Kinguzo Alichokikaza Baba

Siku ambayo Beda hakurudi nyumbani ilianza kama siku nyingine. Kabla ya kwenda shule, binti yake Careen alifagia duka lao dogo la kuchapa barua, pale Songea mjini, akafuta vumbi mezani. Baba alikuwa ameinamia kasha la kompyuta. Radi ya juzi ilikuwa imeunguza mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba viungo vyote vya mashine, naye alikuwa ameutoa. Ndani ya kasha vilibaki vinguzo vya shaba, vifupi kama punje za mahindi. Ubao hukalishwa juu ya vinguzo hivyo ili usiguse chuma.

"Hiki kimelegea," alisema, akakikaza kwa vidole, kisha kwa koleo. "Ubao mpya ukifika kutoka Dar, tutaupachika mimi na wewe. Haya, kimbia, kengele isikukute njiani."

Mchana kifua kilimbana baba akiwa pale pale dukani. Jioni alikuwa amefunikwa shuka hospitalini.

Matanga yalipokwisha, Mama Careen alifungua duka, lakini kazi haikuwepo. Kompyuta ilikuwa hiyo moja tu.

"Shemeji, mashine hii isipowaka," alimwambia Egidi, mdogo wake Beda, aliyekuja kutoka Maposeni, "nitarudisha ufunguo kwa mwenye nyumba, niende kulima kwetu Mpitimbi."

Careen alisikia. Usiku ule hakula.

Egidi alikuwa amejifunza ufundi kwa kaka yake. Ubao mpya ulipofika, aliwaita Careen na Calvin, mwanawe.

"Waya umechomolewa ukutani? Vizuri. Kwanza shikeni chuma cha kasha, umeme wa mwilini uishie hapo, usije ukarukia ubao. Na ubao hushikwa kwenye kingo tu." Aliulinganisha na kasha, akatikisa kichwa. "Matundu hayafanani na ya ule wa zamani. Careen, kila tundu liwe na kinguzo chake. Kisicho na tundu juu yake king'oe. Kikigusa njia za umeme chini ya ubao, tumeuunguza."

Careen alihamisha vinguzo kimoja kimoja, mpaka akabakiwa na kile alichokikaza baba. Hakikuwa na tundu juu yake. Alikishika. Kilikuwa kimekazwa barabara, na tangu siku ile hakuna mkono mwingine uliokigusa. Akaondoa vidole.

"Umeng'oa vyote visivyohitajika?" aliuliza Egidi.

"Ndiyo, baba mdogo."

Wakaukalisha ubao, wakafunga skrubu bila kuzilazimisha. Calvin alichomeka waya ukutani. "Niwashe, au tungoje Careen amalize rozari? Anavyoutazama huo ubao!"

"Acha utani wako," baba yake alimkemea.

Mama Careen alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo wa duka mkononi. Careen aliutazama ufunguo ule. Kidole cha Calvin kilikuwa tayari kwenye swichi.

"Usiwashe!" Careen alipaza sauti. "Nimedanganya. Kimebaki kimoja. Ni baba aliyekikaza."

Egidi alichomoa waya, akafungua skrubu zote. Alipouinua ubao, kinguzo kile kilionekana kimesimama peke yake. Mama Careen aligeukia barabarani.

"Mwanangu," Egidi alisema, "hata mimi koti la kaka nililopewa nimeshindwa kulivaa. Lakini kinguzo hiki alikikaza kwa ajili ya ubao wa zamani. Angekuwepo leo, angekuwa wa kwanza kuking'oa. Ukitaka kumkumbuka fundi, fanya kazi kama alivyoifanya yeye. Na ukiulizwa juu ya kazi, sema ilivyo, hata kama moyo unauma. Leo ukweli umetuokoa, ila nusura uchelewe."

Akampa koleo. Careen alikilegeza kinguzo taratibu, machozi yakimdondoka kwenye mikono, akajifuta vizuri kwa kanga ya mama yake kabla ya kuugusa ubao tena. Safari hii alikagua kila tundu, akakagua tena. Calvin alipowasha, feni ilivuma, na kioo kikaleta maandishi.

Mama Careen akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga.

Kinguzo kile sasa kimo kwenye kopo la skrubu, pamoja na vingine. Kikihitajika, kitatumika.