Daktari wa Kwenye Runinga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimwosha bibi yangu kidonda cha mguu. Bibi Akelo ana kisukari. Kidonda kilitoa usaha na kilinuka kuliko mapanki, yale mabaki ya sangara, yaliyoachwa juani. Ajabu ni kwamba alikuwa ameacha vidonge vya hospitali. Badala yake alikunywa maji ya kijani aliyouziwa sokoni Mwaloni na Daktari Jasiri.

"Yule ni mwigizaji tu, bibi," nilimwambia.

"Mwigizaji! Nimemwona kwa macho yangu kwenye runinga akiokoa kijiji kizima na kipindupindu. Wewe Sabina, umeokoa nani?"

Kidonda kilizidi kupanuka. Jumamosi nilimpeleka kwa huyo daktari wake. Tulimkuta amesimama juu ya meza, amevaa koti jeupe lilelile la tamthilia, kipaza sauti mkononi, anasifia chupa zake bila haya. Na mimi niliwahi kubandika picha yake ukutani!

"Shikamoo, bibi," alisema, akashuka.

"Marahaba, daktari wangu. Dawa nimeimaliza, ila mguu hauponi. Hebu nitazame."

Bibi akafungua kitambaa. Nzi wakajaa. Daktari Jasiri aliziba pua, akageuka, akatapika kando ya magunia ya dagaa.

"Mimi nakiosha kila siku," nilimwambia kwa hasira. "Wewe daktari unatapika?"

Alijifuta mdomo kwa mkono wa koti, kisha akainua kipaza sauti.

"Mimi si daktari. Naitwa Luhende, mtoto wa mfugaji wa Misungwi. Tangu utotoni niliota udaktari, nikafeli mtihani. Tamthilia ikanipa koti hili, watu wakaniita daktari, mpaka nikajisahau mimi ni nani. Hii dawa ni maji, rangi na sukari."

Sukari! Kwa mgonjwa wa kisukari! Nilitamani kumtemea mate. Watu walimzomea, wengine wakamrushia chupa zake. Hakukimbia. Alivua koti, akaita bajaji, akatupeleka hospitali.

Bibi alikatwa vidole viwili, mguu ukapona. Luhende alipokuja wodini kuomba msamaha, bibi alimsamehe palepale. Mimi nilitazama pembeni. Muuguzi Odeta, aliyekuwa akifunga bandeji, hakumwonea haya.

"Mngechelewa wiki moja, tungekata mguu mzima," alisema. "Wangapi wengine wanakunywa maji yako?"

"Sijui, dada."

"Basi msamaha wa mdomo hautoshi. Watafute, uwaambie warudi kwenye dawa zao. Na wewe Sabina, kumbuka, koti haliponyi mtu. Ugonjwa muulize aliyeusomea, na usilolijua sema hulijui. Hakuna aibu hapo."

Luhende aliinamisha kichwa, akaaga. Mlangoni mgonjwa mmoja alimtambua, akapaza sauti kwa furaha, "Daktari Jasiri!"

"Naitwa Luhende," alijibu. "Mzee, je, na wewe ulinunua chupa yangu?"