Nyimbo za Mama Ndani ya Diski

Umewahi kumwona mtu mzima amekumbatia laptopu kama mtoto mwenye homa? Ndivyo Muzdalifa alivyokaa stendi ya Kibiti Jumatatu ile, akingoja basi la Dar es Salaam. Dera la kijani lenye maua ya njano, mtandio mweusi, ndala zenye tope kavu la kijijini kwao Mbuchi. Laptopu kaifunga kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko unachuruzika maji.

Nasibu, fundi kompyuta mwenye kibanda pale stendi, alikuwa akipita na kikombe cha chai. Akasimama.

"Dada, hiyo kompyuta au samaki changu?"

"Pita zako, kaka."

"Inachuruzika."

"Niliambiwa diski ya ndani ikianza kugonga-gonga, niilaze kompyuta kwenye friza."

"Aliyekuambia anauza samaki?"

Muzdalifa alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. Akaeleza. Marehemu mama yake alikuwa kungwi, na kabla hajafa alirekodiwa nyimbo zote za kufundia mwali, nazo zimo humo kwenye diski. Nakala nyingine hakuna. Jumamosi mpwa wake anatolewa ndani, na wa kumfunda ni yeye Muzdalifa, ambaye nusu ya nyimbo kazisahau.

"Lakini wewe mwanamume. Hazikuhusu."

"Kunakili si kusikiliza," Nasibu akasema. "Niachie. Na usiiwashe tena."

Basi likaondoka bila Muzdalifa; akaiacha laptopu, akarudi Mbuchi.

Nasibu aliichomoa diski, akaikausha mbele ya feni siku nzima na usiku wake, ndipo akaanza kuinakili kwenye diski mpya. Pole pole. Ilipogonga, ka, ka, aliruka pale akaendelea, aje aparudie baadaye. Umeme ukiyumba, na moyo wake unayumba. Kula hakuli. Kule Mbuchi Muzdalifa kutulia hawezi, anafagia ua uliokwisha fagiliwa, kisha anapiga simu.

"Mgonjwa kaamkaje?"

"Kaamka, anakusalimia."

"Na daktari wake?"

"Hajala tangu jana."

"Kula basi, mwaya."

Hilo "mwaya" lilimzunguka Nasibu mchana kutwa. Kila simu alikuwa na neno mdomoni, na kila simu aliishia kuuliza habari za mpunga.

Alhamisi asubuhi Muzdalifa akapiga. Nyuma ya "haloo" ya Nasibu akasikia mwanamke anaimba. Wimbo wa mwali, wa ndani, neno kwa neno. Akakata simu.

Akapanda boti ya injini, kisha bodaboda, baibui limejaa vumbi mpaka kope. Mwongo yule. Kaufungulia stendi nzima. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba alishaanza kumpenda.

Adhuhuri ilikuwa imeshapita alipomkuta Nasibu ng'ambo ya barabara, juani, shati limelowa mgongoni.

"Umezisikiliza."

"Maneno mawili tu, nikatoka mbio. Niliingia kumpelekea shangazi maji, simu yako ikanikuta humo."

"Shangazi gani?"

"Nenda kamwone."

Kibandani dirisha limefungwa. Bibi mnene, shangazi Mwanaamina, kakaa na hedifoni masikioni, macho kafumba, anaimba kwa sauti wala hajijui. Alipomwona mgeni akazivua.

"Ndiwe wewe? Huyu kaniomba nifungue moja moja, nisikie kama zimepona. Zimepona, ila moja imekatika katikati. Mwisho wake naujua, nitakupa. Mama yako alikuwa na sauti, mwanangu. Sikia."

Akamvalisha hedifoni. Muzdalifa akamsikia mama yake akikohoa, akicheka, akianza. Alilia mpaka mtandio ukalowa.

Alipotoka, Nasibu bado yuko juani.

"Tangu saa ngapi uko hapa?"

"Saa tatu."

"Ungesimama hata kivulini."

"Kivuli chote kiko upande wa kibanda, sauti inafika." Akatazama chini. "Sasa weka nakala mbili. Moja kwako, moja kwa ndugu. Na kila mwaka uzikague, maana diski hata mpya..."

"Nasibu."

"Naam."

"Nataka unioe. Jumamosi ikipita, tuma wazee wako Mbuchi."