Utepe wa Wilmer Neufeld

Jua lilikuwa linazama tulipoingia uani kwa Mama Neufeld, na theluji yote ilikuwa imegeuka rangi ya buluu. Myron, mdogo wangu, hakuzima pikapu.

"Nikiizima kwenye baridi hii haiwaki tena," alisema. "Haya, profesa, ukakague ubao wako turudi tukale."

"Si ubao. Ni gongo la mwisho la Wilmer Neufeld."

"Gongo la marehemu. Wenzako wanakusanya stempu."

Nakusanya magongo ya hoki ya barafu, yale tu yaliyochezewa kweli. La dukani silitaki. Nataka lenye madoa meusi ya kisahani cha mpira kinachopigwa mchezoni, lenye makovu ya viatu vya chuma vya kutelezea, na utepe wa kunata uleule aliouzungusha mchezaji kwa mkono wake. Kila mchezaji ana mzungusho wake. Huku kwetu mtu hafungi utepe kwenye gongo la mwenzake. Anayelifunga ndiye anayeingia nalo uwanjani.

Wilmer alicheza msimu mmoja katika ligi kubwa. Alirudi nyumbani kwa Krismasi, akaenda kuteleza peke yake kwenye bwawa la shambani, barafu ikampasukia. Gongo lilibaki juu. Yeye hakupatikana.

Kwenye simu, mama yake alikuwa ameniuliza jambo moja tu. "Una mtu anayecheza, mwanangu? Njoo naye. Mchezaji hadanganyiki." Nikaona ni busara.

Jikoni kulinukia kahawa. Na kitu kingine... ngozi mbichi, tope la chini ya maji. Kando ya jiko la kuni palikuwa na soksi nene za kiume, zimetandazwa zipate joto. Mama Neufeld aliishi peke yake. Niliziona, kwa sababu huwa naona kila kitu. Nikadhani ni za kibarua.

"Karibuni, wanangu. Huyu ndiye mchezaji?" Alimshika Myron mabega, akayapima kama anayenunua ndama. "Una mapafu mazuri?"

"Ya kutosha kumbishia dada yangu, mama."

Alicheka kidogo. Kisha akalilaza gongo mezani.

Lilikuwa la kweli. Nilimulika kila upande kwa taa yangu ndogo. Madoa yapo, makovu yapo. Utepe ulikuwa mkavu, umezungushwa kutoka kisigino cha gongo kwenda ncha. Kasoro moja tu: mwisho wake ulikuwa umebanduka, unaning'inia.

"Umelegea hapa," nilisema, nikainama kutoa kamera mkobani.

Nilipoinuka, Myron alikuwa ameshaubana kwa kidole. Alikuwa ametoa utepe wake mfukoni, ule asioachana nao hata kanisani, na alikuwa anazungusha. Haraka. Bila kufikiri. Mchezaji akiona utepe umelegea, mikono haimngojei.

"Usiguse, Myron. Unaharibu."

"Nimeshamaliza. Tazama, umekaa vizuri."

Nilichowaza wakati ule ni hasara ya gongo. Basi.

Mama Neufeld aliweka kikombe chini, taratibu.

"Nani kalifunga?"

"Mimi, mama. Samahani."

"Usiombe radhi. Basi ni lako."

Tok.

Sauti ilitoka nje. Upande wa bwawa.

Tok. Tok.

Kama gongo linalogonga barafu kuomba pasi. Lakini halikuwa linagonga kutoka juu.

Myron aligeuza uso dirishani. Uso ule ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyeamshwa.

"Wananiita," alinong'ona.

"Nani? Kaa chini. Myron."

Akalichukua gongo, akatoka. Bila koti. Nilimfuata mbio, lakini Mama Neufeld alifika mlangoni kabla yangu, akafunga kwa ufunguo, akautia mfukoni mwa aproni. Nilimvuta. Nilimpiga. Alikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

"Kaa, mwanangu, unywe kahawa. Mchezaji hatoki uwanjani mpaka mwenzake aingie. Zamu ya Wilmer imekuwa ndefu mno."

"Ni mdogo wangu. Sina mwingine."

"Na mimi nilikuwa na mwingine?"

Kugonga kukakoma.

Kisha hatua kwenye ngazi. Chuma juu ya mbao. Kra... kra...

Mama Neufeld akafungua mlango.

Aliyeingia alikuwa anachuruzika maji, na maji yale hayakuganda. Aliketi kwenye kiti cha Myron. Mama yake alipiga magoti, akaanza kumlegezea kamba za viatu, huku akimwimbia polepole kama mtoto mchanga.

Wilmer alinitazama mara moja tu.

"Ana nguvu," alisema. "Lakini anapoteza pumzi. Mwambie asipige kelele."

Nilikimbia hadi bwawani. Barafu ilikuwa nzima. Nyayo za Myron ziliishia katikati, na gongo lilikuwa limelala pale, utepe wake mpya uking'aa. Chini yangu, tok. Nikisogea, inasogea. Tok. Tok.

Polisi walikata barafu, wakaleta wapiga mbizi. Hawakupata mtu. Mama Neufeld alikuwa ameondoka, na mezani palibaki vikombe viwili vilivyonywewa hadi chini.

Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Gongo nililichukua mimi, na kila baridi inapoanza hugonga ukuta wa chumba changu. Mwaka huu linagonga polepole zaidi.

Sasa nipo jikoni kwa Mama Neufeld. Hakuna aliyewahi kuja kuidai nyumba hii. Nimewasha jiko. Nimelilaza gongo mezani, na tangu asubuhi nimekuwa nikiubandua mwisho wa utepe kwa ukucha... kidogo, kidogo tu.

Kijana mmoja ameona tangazo langu la kuuza gongo. Sauti yake kwenye simu ilikuwa ya upole. Nilimuuliza kama anacheza.

"Tangu nilipoanza kutembea, dada."

"Una ndugu?"

"Yupo mama tu."

Nikamwelekeza njia.

Taa za gari zimeingia uani. Soksi za Myron zimeshapata joto.