Chaki Ndani ya Damu

Kila asubuhi, baba akishatoka kwenda karakana, Sindano alikuwa na kazi tatu kabla ya kuvaa sare ya shule. Kwanza alichemsha maji, akayamimina kwenye beseni na kuyapoza kidogo. Kisha alimsaidia mama yake kutumbukiza mikono humo, polepole, kama mtu anayeosha vikombe vya udongo. Mwisho alichukua sindano kumi za mkono, akazitia uzi moja moja, akazichomeka kwenye kimto kidogo cha sindano kilichokuwa juu ya meza ya kukatia. Wateja walipofika saa tatu walimkuta fundi wao ameketi vizuri, sindano tayari. Hawakujua kwamba saa mbili zilizopita fundi huyo alishindwa kufunga kifungo cha gauni lake mwenyewe.

Sindano lilikuwa jina la utani. Alikuwa msichana wa darasa la sita, mwembamba, mwenye maneno ya kuchoma. Mama yake mtaa mzima ulimwita Mama Fundi. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa duka: cherehani ya miguu, meza, kioo kirefu chenye ufa, na marundo ya sare za wanafunzi zisizoisha.

Vidole vya mama vilianza kuvimba mwaka uliopita. Vifundo vilikuwa vyekundu na vya moto, mkono wa kulia sawa na wa kushoto. Zahanati walimwambia ni baridi, ajikinge. Basi akawa analala na soksi mikononi. Baba alipocheka, naye alicheka. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti na madirisha, hakujua kwamba soksi zile hazikusaidia kitu.

"Shangazi yangu alianza hivi hivi," mama alimwambia Sindano siku moja, mikono ikiwa ndani ya beseni. "Miaka mitatu baadaye alikuwa analishwa kwa kijiko. Vidole vilijikunja, havikukunjuka tena."

"Basi tumwambie baba."

"Ili iwe nini? Ataenda kusimulia karakana, karakana itasimulia mtaa. Fundi asiye na mikono nani atamletea kitambaa?"

Sindano aliitazama mikono ile ndani ya maji. Tangu siku ile, kila alipoona mkono wa mama umekunjika, hata ukiwa umeshika ufagio tu, moyo ulimruka.

Halafu kikatokea kidonge cheupe. Kwenye kona palikuwa na muuza dawa aliyejua kila ugonjwa bila kumpima mtu. Mama alimtuma Sindano, na Sindano akarudi na vidonge vidogo ndani ya karatasi iliyokunjwa, isiyo na jina wala maelezo.

"Amesema ni vya viungo. Kimoja asubuhi."

Siku ya tatu mama aliamka, akafunga vifungo vyake mwenyewe, akakata kitambaa cha sare sita kabla ya chai. Aliimba. Sindano naye alifurahi mpaka akachelewa shule.

"Haya ni yetu sisi wawili," mama alimwambia. "Baba yako asijue. Apa."

Sindano akaapa.

Lakini kimoja kiligeuka viwili, viwili vikawa vitatu asubuhi na viwili jioni. Uso wa mama ulianza kuwa wa duara, mashavu yakajaa. Wateja wakafurahi kwa niaba yake.

"Mama Fundi, umenawiri! Huyo mchomeleaji anakulisha nini?"

"Maneno matamu," mama alijibu, na duka zima likacheka.

Sindano hakucheka. Yeye ndiye aliyemfunga mama gauni mgongoni, na aliona ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi, na michubuko mikononi bila kujigonga popote. Alitamani kumwambia mtu. Kila alipofungua mdomo alikumbuka kwamba ameapa, akaufunga.

Jumatatu moja alikuta duka la dawa limefungwa kwa kufuli kubwa na karatasi yenye mhuri. Fundi viatu aliyekaa jirani alikuwa anapiga msumari.

"Wakaguzi walikuja jana," alisema. "Jamaa yako katoka mbio mpaka akaacha kandambili moja. Ninayo hapa, kama unaitaka."

"Atarudi lini?"

"Huyo? Mtaonana kwenye ndoto."

Sindano alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyetumwa kupeleka habari ya msiba. Mama alisikiliza, akatikisa bega. "Si kitu. Nitakaa bila."

Jumanne viungo vilimuuma upya. Jumatano alitapika na kusema ni chakula. Alhamisi asubuhi alisimama akashika ukuta, macho yamezama ndani. "Nenda shule," alisema. "Usinitazame hivyo." Darasani Sindano hakusikia hata neno. Kila mara mtu alipogonga mlango alidhani ameletewa habari.

Saa sita alikimbia nyumbani. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo, anambana mteja pindo la sketi kwa pini. Mkono ulisimama hewani. Pini zikamwagika sakafuni, kisha mama akaanguka juu ya pini zile, taratibu, bila kutoa sauti. Mteja alipiga kelele na kuruka nyuma, sketi ikiwa imebanwa pini upande mmoja.

Sindano aliinama. Uso wa mama ulikuwa na jasho la baridi. Alimwita mara tatu, hakuitika. Akamwacha mikononi mwa mteja, akakimbia mitaa miwili mpaka karakana. Baba alifunua barakoa ya chuma, akaona uso wa mtoto, akatupa alichoshika. Hakuuliza.

Hospitalini walimlaza mama kwenye kitanda cha magurudumu. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno ya haraka. Aliangalia mashine ya shinikizo la damu, akairudia tena, kama hakuiamini.

"Anatumia dawa gani?"

"Huyu?" Baba alipangusa jasho na mkono wenye masizi. "Hata kidonge cha kichwa hamezi. Ni jiwe huyu."

"Ana ugonjwa wowote?"

"Hana. Mikono tu, baridi kidogo."

Daktari akawaambia wauguzi wampime malaria, waweke dripu. Sindano alisimama miguuni pa kitanda. Mama alifungua macho kidogo. Hakumtazama daktari wala mumewe. Alimtazama Sindano, akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana.

Sindano aliielewa ishara ile. Alielewa pia kwamba mama haoni hatari anayoiendea.  Akisema, mama hatamwamini tena maisha yake yote. Asiposema, huenda pasiwe na maisha ya kumwamini au kutomwamini.

"Shinikizo linashuka tena," muuguzi akasema.

"Anameza vidonge vyeupe," Sindano alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Vidogo. Vitatu asubuhi, viwili jioni. Ni vya viungo. Mimi ndiye niliyekuwa navinunua."

Baba aligeuka kama mtu aliyepigwa kofi.

Daktari alimshika Sindano bega. "Kwa muda gani?"

"Tangu mwanzo wa muhula uliopita."

"Mara ya mwisho kumeza?"

"Jumapili. Duka limefungwa."

Daktari alitazama mashavu ya mama, akatazama ngozi ya mikono, akataja sindano fulani kwa muuguzi, ya kuchoma mshipani, sasa hivi. Watu walianza kukimbia. Pazia likavutwa. Sindano na baba walisukumwa nje kwenye benchi.

Walikaa pale mchana wote. Baba hakumgombeza, na hilo lilimtisha Sindano zaidi. Mwishowe baba alisema, akitazama sakafu, "Na mimi nalala nyumba hiyo hiyo."

Jioni waliruhusiwa kuingia. Mama alikuwa ameegemezwa kwenye mto, ana rangi ya mtu aliye hai.

"Nilikuambia nini mimi?" alimuuliza Sindano.

"Nisiseme."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema."

Mama aligeukia ukutani. "Toka nje."

Sindano alitoka. Alilia kwa kuficha uso kwenye sare yake, na daktari ndiye aliyemkuta hapo. Alimwinua, akamrudisha ndani, akasimama katikati ya mama na binti.

"Mama Fundi, kasirika ukipenda, lakini ujue unachokasirikia. Vidonge vile ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na mwili wako hutengeneza wenyewe kitu kinachofanana nayo. Ukiumezesha kwa miezi, unaacha kutengeneza, unategemea kidonge. Kidonge kikikatwa ghafla, huna cha mwili wala cha duka. Nilikuwa natafuta malaria. Mtoto huyu angenyamaza saa moja zaidi, tungekuwa tunaongea na mumeo peke yake."

 Mama alinyoosha mkono uliovimba, akaugonga kitandani karibu yake. Sindano akaenda akakaa pale.

Walimtoa damu na kupeleka maabara. Siku ya tano daktari alikuja na majibu. Baba aliitazama karatasi kama mtu anayetazama bomu.

"Ni mambo ya kurogwa, daktari? Sema tu."

"Mtu wa kuroga asingeanza na wewe unayedaiwa mageti na mtaa mzima?" Daktari alicheka, kisha akamgeukia Sindano. "Nyumbani kwenu, mkasi unajuaje pa kukata?"

"Unafuata chaki."

"Vizuri. Ndani ya damu kuna chaki pia, inaitwa kingamwili. Kijidudu kikiingia, mwili unatengeneza kingamwili za kukitia alama. Askari wa mwili wakiiona alama, wanashambulia. Ndivyo unavyopona mafua. Sasa, mwili wa mama yako umetengeneza kingamwili zinazochora alama kwenye nyama yake mwenyewe. Askari hawana kosa, wanafuata alama. Wanashambulia utando wa ndani ya viungo, viungo vinavimba, na wakiachwa wanakula mpaka mfupa."

"Na mmeiona hiyo chaki?" mama aliuliza.

"Tumeona za aina mbili. Moja inajibandika kwenye kingamwili nyingine, ni chaki inayochora juu ya chaki. Ya pili inajibandika kwenye protini za mwili wako zilizobadilika umbo kidogo. Hiyo ya pili inaweza kukaa kwenye damu miaka kabla kidole hakijauma, na mwenye nayo viungo vyake huharibika upesi zaidi. Lakini karatasi peke yake si hukumu. Wapo wenye kingamwili hizi wasioumwa kitu, na wapo wanaoumwa bila kuonekana nazo. Ndiyo maana nilianza kutazama mikono."

"Kwa hiyo si baridi?"

"Watu huuita baridi yabisi, lakini baridi haikuuleta. Wala hauambukizi. Kuna ndugu zake wengi: mwingine chaki inachorwa kwenye tezi ya shingo, mwingine kwenye ngozi na figo. Familia ni moja, kosa ni moja."

Mama aliuliza swali alilokuwa amelikwepa mwaka mzima. "Vidole vyangu vitajikunja?"

Daktari hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Hiki cha shahada cha kushoto kimeshapinda kidogo, hakitarudi. Vingine tunaweza kuviwahi. Vidonge vyeupe tutavipunguza polepole, mimi nikivihesabu. Na utaanza dawa nyingine, mara moja kwa wiki, siku ile ile. Si kila siku, ukifanya hivyo utajidhuru. Inachukua wiki nyingi kufanya kazi, na utakuja kupimwa damu. Nisipokuona, nitakuja mwenyewe kushonesha gauni."

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Mikono iliuma tena, na Sindano alirudi kwenye beseni, akiogopa kwamba dawa imeshindwa. Safari hii baba ndiye aliyechemsha maji, na aliyachemsha kama mtu anayetaka kuyeyusha chuma. Jumamosi moja, mwezi wa tatu tangu aanze dawa mpya, mama alishika mkasi mzito, akakata kitambaa kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Aliuweka chini, akawaita watu wake wawili wakae.

"Nina neno," alisema. "Sindano, mimi nilikukosea. Nilikuapisha kuficha kitu kilichokuwa kinaniua, na wewe ni mtoto. Mtu mzima akikwambia ufiche maumivu, yake au yako, au dawa isiyo na jina, usifiche. Nenda kwa mtu mwingine mzima ukaseme, hata kama ni mimi nimekuapisha. Nitakasirika, na nitapona. Na wewe mwenyewe kiungo kikivimba, uniambie siku hiyo hiyo, si mwaka ujao. Mimi nilipoteza mwaka mzima kwa kuogopa maneno ya watu, na kidole kimoja kimekwenda na mwaka huo. Mmesikia?"

"Nimesikia, mama."

Baba alikohoa. Alikuna shingo, akatazama mlango, akatazama dari.

"Mbona huitiki?" mama aliuliza.

"Ni macho," baba alisema kwa sauti ndogo. "Naona weusi katikati. Ile barakoa huwa siivai nikiwa na haraka."

"Tangu lini?"

"Tangu... mwaka jana hivi."

Mama alisimama. Alifunika cherehani kwa kitambaa, akageuza kibao cha dukani kionyeshe kwamba pamefungwa, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi na wateja wawili wanakuja kwa mbali.

"Sindano, mletee baba yako viatu," alisema. "Tunakwenda hospitali sasa hivi."