Nani Aliwasha Swichi?

Amplifaya ya Ratemo ilikuwa ikivuma hata waya wake ukiwa umechomolewa ukutani. Gesare, mkewe, alivumilia wiki mbili, kisha akampigia simu Drusilla, fundi wa redio wa Keroka, aje Ikonge aitazame.

Drusilla alifika saa nane mchana. "Kitu hakiwezi kuvuma bila stima, mama," alisema, akafungua kifuniko. Transfoma ilikuwa imelegea. Akakaza bolti zake, akaiwekea chini vipande vya mpira alivyokata kwenye tyubu ya gurudumu, akaigeuza isielekee nyaya za muziki, na nyaya zenyewe akazitenga na zile za stima. Alipoichomeka, spika zilikuwa kimya kabisa.

"Mungu asifiwe," Gesare alisema.

Ndipo ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Spika zikakohoa kama mtu aliyeamshwa, na sauti ya mwanamume ikasema polepole, "Ratemo. Nani aliwasha swichi?"

Drusilla akachomoa waya. Sauti ikauliza tena.

Gesare alimvuta hadi jikoni. "Ni Sylvanus," alinong'ona. "Kakake mume wangu. Nyumba hii ilikuwa yake, na amplifaya hiyo aliiunda mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita alikuwa ameiinamia akiitengeneza, stima ikamuua. Ratemo aliapa kwamba mke wa Sylvanus, Nyanchera, ndiye aliyewasha swichi ya ukutani makusudi. Watu wakamfukuza hata matanga hayajaisha. Sasa chai yao tunaichuma sisi."

"Na wewe uliamini?"

Gesare aliangalia sakafu. "Siku hiyo nilikuwa nje naanika mahindi. Nyanchera alikuwa nami."

Ratemo aliingia na kikapu cha majani chai mgongoni. Aliposikia akiitwa hakuuliza ni nani; alichukua shoka, akaipasua amplifaya mpaka nyaya za shaba za transfoma zikamwagika sakafuni, akavizoa vipande akaenda kuvitupa chooni. Akarudi akitweta, akasimama mlangoni, na katika ukimya ule wote watatu wakausikia mvumo, mzito, usiopumzika, ukitoka sasa kifuani mwake, ukipanda shingoni, ukitikisa meno kinywani hata vikombe kabatini vikaanza kugongana.

"Izime," alimwambia Drusilla, machozi yakimtoka. "Fundi, tafadhali, izime."

Drusilla alirudi nyuma, bisibisi ingali mkononi. Hakuwa na mpira wala bolti ya kutuliza kitu kile.

Siku ya Sabato wazee wa kanisa walimzunguka Ratemo wakamwombea. Alipofungua kinywa aseme amina, aliyesema alikuwa Sylvanus, na kanisa zima likamsikia.

"Mke wangu hakuwasha. Momura ominto, ndugu yangu wa tumbo moja, aliona mikono yangu iko ndani. Akawasha. Akasimama akinitazama."

Gesare akainuka, akasema mbele ya watu yale aliyokuwa ameyaficha miaka mitatu. Wazee wawili wakatumwa Nyansiongo, kwa kina Nyanchera, wamlete.

Alikuja kesho yake, amekonda, leso mabegani. Ratemo alikuwa amelazwa kwenye mkeka uani, midomo imepasuka kwa kutetemeka, hali wala hanywi tangu jana. Watu walisimama mbali naye.

"Mwambie mumeo aondoke, mwanangu," mzee mmoja alimsihi kwa sauti ya chini. "Nyumba ni yako, shamba ni lako, tumekukosea. Lakini huyu atakufa."

Mvumo ukapungua, kama mtu anayetega sikio. Kisha kinywani mwa Ratemo sauti ya Sylvanus ikauliza, kwa upole ambao wengi pale walikuwa wamekwisha kuusahau, "Nyanchera, nimwache?"

Nyanchera alichuchumaa kando ya mkeka. Alimtazama Ratemo machoni, na macho hayo yalikuwa ya Ratemo mwenyewe, yakimwomba.

"Kaa," akasema.